Ukiugua Saratani, Usiitupe Dawa ya Presha

Saratani ikishatajwa ndani ya familia, magonjwa mengine yote hunyamazishwa. Presha ambayo mama ameinywea dawa miaka nenda rudi inageuka jambo dogo. Sukari haiulizwi tena. Ndugu wanachangishana nauli, simu zinapigwa Mbeya na Dar es Salaam, na vile vidonge vya amlodipini vilivyobaki kwenye bahasha ya duka la dawa vinasahaulika juu ya kabati. Ukimuuliza binti anayemuuguza, atakujibu kwa nia njema kabisa: "Sasa hivi tunahangaika na ugonjwa mkubwa kwanza."

Jibu hilo ndilo lililonifanya niandike makala haya kwa watu wa Ikolo na jirani zao wa ukanda wa Ziwa Nyasa, kuanzia Kyela mjini hadi Ipinda na Matema. Moyo hausubiri saratani imalize zamu yake. Mtu mzima mwenye magonjwa yote mawili anaweza kutibiwa saratani vizuri tu, uvimbe ukapungua, kisha akafa kwa moyo kushindwa kusukuma damu au kwa kiharusi, na sisi msibani tukasema saratani imemchukua.

Wenzetu wanaohesabu vifo vyao kwa makini wameliona hilo wazi. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kupitia kumbukumbu za wagonjwa wa saratani zaidi ya milioni 3, waliogundulika kati ya mwaka 1973 na 2012. Katika kila wagonjwa 100, waliokufa kwa saratani yenyewe walikuwa 38, na wengine 11 walikufa kwa maradhi ya moyo na mishipa ya damu. Ukimlinganisha mgonjwa wa saratani na mtu wa rika lake asiye na ugonjwa huo, hatari ya moyo ilikuwa kubwa hasa katika mwaka wa kwanza baada ya kugundulika. Huo ndio mwaka ambao sisi huku tunaziweka dawa za presha juu ya kabati.

Huko huko Marekani, kiwango cha vifo vya saratani kilishuka kwa karibu theluthi moja kati ya mwaka 1991 na 2020. Vifo vya moyo navyo vilikuwa vikipungua kwa miongo kadhaa, mpaka mwaka 2020 UVIKO ulipoingia, kliniki zikakosa watu, na vifo vya moyo vikapanda tena. Ukichunguza kilichovishusha vifo hivyo kabla ya hapo, mambo makubwa ni ya kawaida mno: watu wengi waliacha sigara, presha ikapimwa na kutibiwa, saratani ikatafutwa kabla haijasambaa. Hospitali kubwa zilisaidia, lakini na mambo hayo ya kawaida, pamoja na vidonge vya bei nafuu vilivyonywewa kila siku bila kukosa, yalibeba mzigo mkubwa.

Kwetu Tanzania, makadirio ya mwaka 2020 ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani yaliweka wagonjwa wapya zaidi ya 40,000 na vifo karibu 27,000 kwa mwaka, saratani ya mlango wa kizazi ikiongoza. Upande wa moyo, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta watu 26 hivi katika kila 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 wana shinikizo la juu la damu. Ziweke hesabu hizo mbili pamoja utaona kwamba mgonjwa wa saratani mwenye presha si mtu wa ajabu. Kila kijiji kinaye.

Kuna jambo jingine linalotutofautisha na Ulaya. Utafiti uliofanyika Muhimbili na kuchapishwa mwaka 2014 uliwafuatilia wagonjwa 427 ambao mioyo yao ilikuwa imeshindwa kufanya kazi sawasawa. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 55, na chanzo kikuu, karibu nusu ya wagonjwa, kilikuwa presha. Ulaya mgonjwa wa namna hiyo huwa ni mzee wa miaka 70 na kitu. Kwetu ni mama ambaye bado analima mpunga na kulea wajukuu, au baba anayepanda boti alfajiri. Saratani inamkuta mtu ambaye tayari moyo wake umechoka na yeye hajui.

Magonjwa haya mawili yana vyanzo vinavyofanana. Sigara inaharibu mapafu na mishipa ya moyo kwa wakati mmoja. Pombe inapandisha presha, na pia inachangia saratani ya koo, ya ini na ya titi, iwe bia ya chupa au kimpumu cha nyumbani. Unene na kukaa bila kutembea vinafanya hivyo hivyo. Na VVU, ambavyo mkoa wa Mbeya umepambana navyo kwa muda mrefu, vinaongeza hatari ya saratani ya mlango wa kizazi na ile ya ngozi iitwayo Kaposi, na vinauchosha moyo pia. Kwa hiyo anayekunywa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kila siku analinda zaidi ya kinga yake.

Lakini sehemu inayonisumbua zaidi, na ambayo haielezwi vya kutosha wodini, ni jinsi matibabu ya saratani yenyewe yanavyogusa moyo.

Dawa inayotumika sana kwa saratani ya titi ni doksorubisini. Ni ile nyekundu kama juisi, na baada ya kupewa mgonjwa anaweza kukojoa mkojo mwekundu siku moja au mbili. Hiyo si damu, asiogope. Ni dawa nzuri, imeokoa wengi. Tabia yake ni kwamba madhara yake kwa misuli ya moyo hujumlishana: kila dozi inaongezwa juu ya iliyopita, na kuna kiwango cha maisha ambacho madaktari hawapendi kukivuka. Mtu mwenye umri mkubwa, mwenye presha ya muda mrefu, mwenye moyo uliokwisha kupanuka, au aliyewahi kupigwa mionzi upande wa kushoto wa kifua, huumia mapema kuliko mwingine. Ndiyo maana mgonjwa anayehama hospitali lazima aende na karatasi inayoonyesha amepata dozi ngapi na za ukubwa gani. Bila karatasi hiyo daktari mpya anakisia tu.

Kwa saratani ya mlango wa kizazi, mionzi mara nyingi huambatana na sisplatini, dawa inayotaka maji mengi ya dripu ili isiharibu figo. Maji hayo mwenye moyo wa kawaida atayastahimili. Mwenye moyo dhaifu anaweza kujaa maji kwenye mapafu usiku ule ule. Tena saratani hiyo ikiwa kubwa inaweza kubana mirija ya mkojo, figo zikazidiwa, presha ikapanda kutoka upande huo. Na mama anayevuja damu kwa muda mrefu hupungukiwa damu, moyo ukalazimika kukimbia mbio usiku na mchana. Sasa fikiria hayo yote ndani ya mtu aliyeacha amlodipini yake nyumbani.

Wanaume wenye saratani ya tezi dume nao waambiwe: matibabu ya kushusha homoni, kwa sindano au kwa upasuaji, yanaongeza unene na sukari, na moyo unataka kuangaliwa zaidi baada ya hapo. Tamoksifeni, inayomezwa miaka mitano na zaidi baada ya saratani ya titi, inaongeza uwezekano wa damu kuganda miguuni. Dawa za jamii ya steroidi zinazopunguza kutapika hupandisha presha na sukari. Sisemi haya ili mtu akimbie matibabu. Anayekimbia atakufa kwa saratani, na kwa maumivu makubwa zaidi. Nasema ili uingie chumba cha daktari ukijua cha kutaja na cha kuuliza.

Cha kutaja ni hiki. Kabla ya dripu ya kwanza, mwambie daktari wa saratani kila kitu kuhusu moyo: presha tangu lini, uliwahi kulazwa kwa kuvimba miguu, ulipata kifafa cha mimba au moyo kuchoka baada ya kujifungua, uliumwa homa ya baridi yabisi utotoni, kuna ndugu aliyekufa ghafla. Usingoje uulizwe. Foleni ni ndefu, na daktari aliyekuita kwa jina la uvimbe wako atauangalia uvimbe wako.

Cha kuuliza ni kama moyo utapimwa. Mwaka 2022 chama cha madaktari wa moyo wa Ulaya kilitoa mwongozo wake wa kwanza unaohusu moyo wa mgonjwa wa saratani, na msingi wake unawezekana hata kwetu: kila anayeanza dawa zinazoweza kuugusa moyo apimwe presha, aulizwe historia, apimwe umeme wa moyo, na mwenye hatari kubwa afanyiwe eko, ile picha ya moyo inayopigwa kwa mashine kama ya kumwangalia mtoto tumboni. Eko hueleza moyo unasukuma asilimia ngapi ya damu kwa pigo moja. Iandike asilimia hiyo. Baada ya dozi kadhaa ikipimwa tena na kukutwa imeshuka, daktari anaweza kubadili dawa mapema kabla hujaanza kuhema.

Dar es Salaam huduma za saratani na za moyo zina majengo yake. Ocean Road, iliyoanza kama hospitali ya Wajerumani mwaka 1897 na kuwa taasisi ya saratani mwaka 1996, iko kando ya bahari. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015, iko Muhimbili. Kati ya taasisi hizo mbili ni safari fupi ya bajaji. Mgonjwa anayetoka Kyela amesafiri karibu kilomita 1,000 kufika mjini hapo. Haina maana arudi bila kuandikiwa rufaa ya kuvuka kipande kile kidogo kilichobaki, kama hali ya moyo wake inahitaji. Iombe. Kuomba rufaa si kumkosea daktari adabu.

Na hapa ndipo daftari linapoingia. Sisi tuna mazoea ya daftari moja la zahanati, jingine la kliniki ya presha, faili la hospitali ya rufaa, na karatasi za vipimo zilizokunjwa ndani ya Biblia. Nunua daftari moja lenye jalada gumu. Ukurasa wa kwanza andika jina, umri, magonjwa yote, na mzio wa dawa. Wa pili, dawa zote kwa majina yake na wingi wake, pamoja na za miti shamba. Kuanzia wa tatu, kila siku ya kliniki: tarehe, presha, uzito, dozi uliyopewa. Kila mhudumu alione, awe wa Ikolo, wa hospitali ya wilaya, wa Rufaa Mbeya au wa Dar. Mjukuu wa sekondari anaweza kuwa karani wa daftari hilo, na atalifanya vizuri kuliko mtu mzima.

Kuhusu vidonge vya presha vyenyewe, kanuni ni moja: usiache, usipunguze, usiongeze bila kusema. Matibabu ya saratani mara nyingine hushusha presha, kwa sababu mgonjwa anatapika, hali chakula, amekonda. Ukisimama ukaona giza, dozi ya zamani inaweza kuwa imekuwa kubwa mno. Nenda zahanati upimwe, upunguziwe na mtaalamu. Kuna waliosikia kizunguzungu wakaacha vyote, na baada ya wiki tatu presha ikarudi juu kwa kishindo.

Tumeshawahi kulipia somo hili kama taifa. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha shilingi 500, na wapo walioacha dawa zao wakiamini wamepona. Sina ugomvi na anayeombewa. Aombewe, ameze na vidonge vyake. Anayekutaka uache kidonge ili uthibitishe imani yako, huyo mwogope. Na mganga wa miti shamba naye aandikwe kwenye daftari, kwa sababu baadhi ya mizizi hugombana na dawa za saratani, na nyingine huumiza ini na figo zinazotakiwa kuzisafisha dawa hizo.

Kuna dawa moja ya dukani ambayo ningeomba kila nyumba yenye mgonjwa wa namna hii iikwepe: diklofenaki. Pamoja na ndugu yake ibuprofeni. Zinapunguza maumivu kweli, zinauzwa kila kona, na wengi huzimeza kama karanga. Lakini hupandisha presha, huzuia maji yasitoke mwilini, na huziumiza figo. Kwa mwenye moyo dhaifu zinaweza kumrudisha wodini ndani ya siku chache. Maumivu ya saratani yana dawa zake. Anza na parasetamoli, na ikishindwa daktari ataandika mofini ya maji. Mofini hiyo, kwa kipimo sahihi, hutuliza hata ile hali ya kuhema inayomtesa mgonjwa wa moyo. Anayedhani mofini ni hati ya kifo amepotoshwa.

Dalili za kukufanya uondoke nyumbani siku hiyo hiyo, bila kungoja tarehe ya kliniki, ni hizi: kushindwa kulala chali mpaka uwekewe mito miwili au mitatu, kuamka usiku ukikohoa na kutafuta hewa, miguu yote miwili kuvimba na kubonyea kidole kinapokandamizwa, uzito kupanda kilo mbili ndani ya siku mbili tatu wakati huli chochote cha maana. Mguu mmoja tu ukivimba, ukauma, ukawa wa moto, huenda damu imeganda, na saratani huongeza sana hatari hiyo. Donge likikatika likaenda kwenye mapafu, hakuna muda wa kujadiliana. Maumivu ya kifua, mdomo kupinda, mkono kulegea: tafuta gari. Homa kwa mtu aliyepata dripu ya saratani karibuni nayo ni dharura, maana kinga yake imeshuka. Usiitibu kwa kudhani ni malaria ya kawaida tu.

Safari yetu yenyewe ina mambo yake. Uwanda wa Kyela haufiki mita 600 juu ya usawa wa bahari, kuna joto. Ukipanda Tukuyu uko mita 1,500 hivi, na Mbeya ni kama 1,700, baridi inauma. Mwenye moyo dhaifu ataisikia tofauti hiyo kifuani. Aende na nguo nzito, na akiweza afike siku moja kabla apumzike. Kwenye basi la Dar anyooshe na kukunja nyayo mara kwa mara, ashuke kila linaposimama, atembee hatua chache, ili damu isigande. Na lipo hili ambalo watu huona aibu kulisema: wanaomeza kidonge cha kukojoza maji huruka dozi siku ya safari kwa kuogopa kuhangaika njiani. Mwambie daktari mapema akupangie saa, unaweza kuambiwa ukinywe ukifika. Kuruka siku ya kwenda, siku ya foleni na siku ya kurudi ni kuruka siku tatu. Na miezi ya mvua kubwa, Machi na Aprili, mito inapofurika na njia za vijijini kujaa maji, chukua dawa za kutosha mapema.

Nauli ndiyo inayokatisha wengi matibabu. Saratani imo katika magonjwa ambayo sera ya afya inayapa msamaha wa gharama, na kila hospitali kubwa ina afisa ustawi wa jamii. Mwone siku ya kwanza, kabla deni halijakua, ukiwa na barua ya mtendaji. Bima ikiwezekana ikatwe kabla ya ugonjwa. Bei ya kakao iliporuka mwaka 2024, Kyela nzima ilishika fedha, na pikipiki mpya zilionekana kila kijiji. Sikatai pikipiki. Lakini nyumba yenye mgonjwa itenge nauli ya safari za mwaka mzima siku ile ile malipo ya mnada yanapoingia. Sisi tunaochanga kwa nguvu msibani, tukachinja ng'ombe na kulisha watu siku kadhaa, tunaweza kuchanga nauli ya kliniki mtu akiwa bado anapumua.

Kuhusu chakula nisiwachoshe. Usipa, wale dagaa wa ziwani, ni chakula bora, ila anayekula samaki wa chumvi awaloweke na kumwaga maji. Mawese yatumike kwa kijiko, yasimiminwe. Ndizi, mboga za majani, maharage, samaki mbichi, hayo yote tunayo. Isipokuwa mwenye figo zilizoathirika: huyo ndizi nyingi zinaweza kumdhuru, aulize kwanza.

Wasiougua bado wana kazi pia. Wanawake wa miaka 30 hadi 50 wapimwe mlango wa kizazi. Kipimo cha siki huchukua dakika chache na jibu hutoka papo hapo. Mwenye VVU aanze mapema zaidi. Chanjo dhidi ya saratani hiyo ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2018, na tangu mwaka 2024 ni dozi moja tu kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Siku mama anapompeleka binti kuchanjwa, naye akae apimwe presha. Kila mwenye miaka 40 kwenda juu apimwe walau mara moja kwa mwaka.

Limebaki jambo la mwisho, na linahusu wafu. Vifo vingi vijijini hutokea nyumbani, mtu akazikwa bila sababu ya kifo kuandikwa na mtaalamu. Hata hospitali, cheti kinaweza kubeba neno moja: saratani. Fomu ya daktari ina nafasi ya kuandika mlolongo mzima wa kilichomuua mtu, na nafasi nyingine ya maradhi yaliyochangia. Bila nafasi hizo kujazwa, Kyela itaendelea kupangiwa dawa, mashine na wataalamu kwa hesabu ya nusu nusu, kwa sababu moyo haumo kwenye karatasi. Kwa hiyo siku itakapofika, enyi watoto na wajukuu, fuatilieni cheti cha kifo, pelekeni lile daftari, na daktari akiuliza marehemu alikuwa akiumwa nini, mtajieni magonjwa yote mawili.